Nikodemu wa Ngara





Mtu yeyote, hata awe mchangamfu namna gani, anacho chumba moyoni mwake ambamo hamkaribishi hata rafiki anayekunywa naye kibuyu kimoja. Humo huweka mawazo ambayo, akiyatoa barazani, wenzake watamtazama kwa jicho jingine. Dhambi zetu zina mahali pa kusemwa, maana tunayo Sakramenti ya Kitubio. Lakini wazo lisilopendwa na wenzetu si dhambi. Kwa hiyo halisemwi kwenye maungamo, wala halisemwi barazani, nalo hukaa gizani miaka mingi mpaka mwenyewe adhani kwamba hakuwa nalo kamwe.

Sisemi kwamba kila wazo litangazwe. Mke asiyeupenda upishi wa wifi yake na anyamaze, ndiyo adabu. Na mzee asiyependa namna vijana wa kwaya wanavyopiga kinanda na avumilie, kama ninavyovumilia mimi. Dunia isingekalika kama kila mtu angesema yote. Nataka kusema juu ya wazo la aina nyingine, lile ambalo nyumba ya mtu, na pengine uhai wake, vimelitegemea. Na nitalisema kwa habari za kwetu, wilaya za Ngara na Biharamulo, maana huko nimeyaona.

Nilikuwa mtoto wa miaka mitano hivi tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu kiasi cha 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu. Kabla yao walikuwa wamekwisha kuja Warundi, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Muda si mrefu wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Pale Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Italia iliyokuwa imepiga kambi ikijenga barabara, palizuka mji mkubwa wa mahema ya plastiki. Kisha Lumasi, kisha Lukole na nyingine.

Basi katika kambi zile lilikuwapo wazo moja ambalo mtu hakuthubutu kumwambia jirani yake wa hema la pili. Wazo lenyewe halikuwa la ajabu: "Nataka kurudi nyumbani." Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo viongozi wale wale waliosimamia mauaji, nao walitaka watu wabaki chini ya mkono wao. Aliyesema kwamba atarudi alihesabiwa kuwa msaliti, na wapo waliopigwa, na wapo waliouawa. Juni 1994 wakuu wa kambi walipotaka kumwondoa Benaco bwana mmoja aliyekuwa meya wa wilaya ya Murambi, Jean-Baptiste Gatete, umati uliwazingira wafanyakazi wa misaada na kuwatisha. Bwana huyo baadaye alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, mwaka 2011, kwa kosa la mauaji ya kimbari. Je, umati ule wote ulimpenda? Siamini. Naamini ndani yake walikuwamo mamia waliopaza sauti kwa sababu jirani wa kuume alipaza sauti, naye jirani wa kuume alipaza kwa sababu ya yule wa kushoto.

Na wenyeji je? Nao walikuwa na vyumba vyao vya siri. Wazee wasimulia kwamba siku za kwanza watu walitoa ndizi, maharage, hata nguo za mwilini. Halafu miti ikaisha vilimani, visima vikachafuka, mihogo ikang'olewa usiku shambani. Akina mama waliokwenda saa moja kutafuta kuni sasa walikwenda nusu siku. Jumapili walisikia mahubiri juu ya Msamaria Mwema, wakaitika Amina, wakarudi nyumbani wakiwa na neno ambalo hawakuweza kumwambia padre: "Nimechoka." Nadhani sisi mapadre tulikosa hapo. Mama aliyeng'olewa mihogo yake hakuwa amekosa mapendo, alikuwa amekosa mihogo; na kama angepata mahali pa kulisema hilo bila kuonwa mpagani, uchungu wake usingegeuka baadaye kuwa chuki ya watu wote wa ng'ambo.

Maana uchungu uligeuka. Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Maelfu kwa maelfu wakatoroka kambini wakielekea mashariki, na askari wakawageuza kuelekea Rusumo. Wengi vijijini walishangilia. Wachache walilia ndani ya nyumba, wengine kwa huruma, wengine (tuseme kweli) kwa sababu biashara yao imekufa. Na wote wawili, mwenye huruma na mwenye duka, walinyamaza sawasawa.

Nchi yetu ilikuwa na jina jema katika jambo hili. Watutsi waliokimbia Rwanda tangu mwaka 1959 walipewa ardhi huko Muyenzi. Mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walipewa uraia. Na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya wema huo. Nayataja haya kwa sababu mtu anayemtetea mgeni leo huko kwetu haleti dini mpya. Aikumbuka ya zamani.

Sasa nawaombeni tumtazame Nikodemu. Yohane Mtakatifu amtaja mara tatu, nasi kwa kawaida twaikumbuka ile ya kwanza tu, alipokuja kwa Bwana wetu usiku. Hakuja usiku kwa kuwa mchana alikuwa na shughuli. Alikuwa mkubwa wa Wayahudi, na alikuwa na wazo ambalo rafiki zake wa barazani hawakulitaka. Mara ya pili yumo barazani mwenyewe, wakubwa wamekasirika, wataka Yesu akamatwe. Nikodemu hahubiri, wala hakiri kwamba ni mfuasi. Auliza tu swali dogo la sheria, kama ni halali kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Na wenzake walimjibuje? Hawakugusa sheria hata kidogo. Walimwuliza kama yeye naye ametoka Galilaya.

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, jibu hilo mwalijua. Huko kwetu mtu akiuliza swali kama lile la Nikodemu, haambiwi kwamba amekosea; aulizwa babu yake alitoka wapi. Na hakuna swali linalotisha zaidi, kwa sababu ni wachache wanaoweza kulijibu bila kutetemeka. Bugufi nzima ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kihangaza na Kirundi husikilizana kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili. Bibi zetu waliolewa ng'ambo ya mpaka kabla ya mpaka kuwa na askari. Basi kila mmoja ana Galilaya yake nyuma ya nyumba, naye anyamaza ili isionekane.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mwaka 2013. Julai ya mwaka huo Rais Kikwete aliwaamuru wahamiaji haramu waondoke katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na Septemba ikaanza ile iliyoitwa Operesheni Kimbunga. Sitaki kuwa mwongo: sababu zilikuwapo. Mabasi yalipita katika misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, na makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa yamejaa katika hifadhi. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, na Kanisa halikufundisha kamwe kinyume cha hapo. Walakini katika wavu ule walinaswa pia watu waliokaa nasi miaka thelathini na arobaini, waliooa kwetu, waliozika kwetu. Kuthibitisha uraia kulikuwa kazi ngumu kwa mwenyeji na mgeni pia, maana vitambulisho vya Taifa vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kutolewa, tena mbali na kwetu. Basi ushahidi mkubwa ukawa ni mdomo wa jirani.

Wakati huo nilikuwa frateri, nipo nyumbani kwa likizo kutoka Seminari Kuu. Jumapili moja baada ya Misa wanaume walikutana nyumbani kwa mmoja wao, pombe ya ndizi ikaletwa, na mazungumzo yakafika kwa jirani yetu fulani aliyeletwa kutoka Burundi mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake mwaka 1972. Alikuwa fundi wa kuezeka. Nyumba tuliyokaa ndani yake aliiezeka yeye. Mkewe alikuwa Mhangaza, na watoto wao sita walibatizwa parokiani kwetu. Mmoja akasema na aende. Wa pili akasema shamba lake lina migomba mizuri. Wa tatu akacheka. Kila aliyesema aliwatazama wengine kwanza, nami nikaona wazi kwamba angalau watatu hawakuyapenda maneno yale, maana waliinamisha vichwa ndani ya vibuyu vyao wakanywa bila kiu.

Nilikuwa nimesoma falsafa. Nilikuwa nimesoma habari za dhamiri kwa Kilatini. Nilikuwa na swali la Nikodemu tayari ulimini, kwamba tumsikilize kwanza mtu mwenyewe. Kisha nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, na mahali alipozaliwa, nikalimeza. Fundi aliondoka wiki ile ile kwa njia ya Kabanga, na godoro moja.

Mwaka niliopewa daraja la upadre nilikwenda kumwamkia mkewe. Alinipokea kwa furaha, akanipikia ndizi na maharage, akaniomba baraka kwa watoto. Mumewe, alisema, yuko Muyinga, hupiga simu akipata vocha. Tulipomaliza kula akaniambia neno hili bila hasira yoyote:

"Padre, Jumapili ile walipomsema baba watoto, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimekwenda kuazima jembe. Nilisikia sauti ya kila mmoja. Yako sikuisikia. Nikajisemea, basi frateri hayupo leo, angekuwapo angesema."

Niliitazama sahani. Nikamshukuru kwa chakula, nikapanda pikipiki.

Mama, nilikuwapo. Nilikaa karibu na mlango. Najua binti yako mkubwa hukusomea ukurasa huu kila wiki, ndiyo maana nimeliandika hapa.