Tusiupeleke Mbele Uovu



Mwezi huu tutafakari Kutoka 23:1-2. Hapo Mungu anawakataza watu wake kueneza habari za uongo, kumsaidia mwovu, na kufuata wengi katika kutenda mabaya.

Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa kwa bomu lililopakiwa ndani ya lori. Watu 11 walikufa. Na huko Nairobi, asubuhi ile ile, walikufa 213. Wengi wao walikuwa Waafrika wenzetu waliokuwa kazini au njiani tu.

Siku zile gaidi alihitaji lori. Septemba 2013, watu 67 walipouawa katika jengo la Westgate, Nairobi, kundi la Al-Shabaab lilijisifu kwa njia ya Twitter hali mauaji yakiendelea. Maana gaidi hataki kuua tu. Ataka walio hai waogope na kuchukiana. Naye hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake; anatutegemea sisi tupelekeane habari na picha zake.

Mataifa yameliona jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 juu ya mabomu ya magaidi unazitaka nchi wanachama zimshitaki mtuhumiwa, ama zimtoe kwa nchi itakayomshitaki. Azimio 1373 la Baraza la Usalama, la mwaka 2001, liliamuru magaidi wanyimwe fedha na maficho. Azimio 1624 la mwaka 2005 likazitaka nchi zikataze uchochezi wa ugaidi. Mwaka 2022 kamati ya Baraza hilo ilikutana nchini India kuzungumzia intaneti, njia mpya za kupitishia fedha, na ndege zisizo na rubani. Nasi Tanzania tunazo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Tunamshukuru Mungu kwa sheria hizo. Lakini sheria humkuta mtu akiwa amekwisha kutenda. Kabla ya hapo iko dhamiri yake.

Je, sisi wakulima na wafugaji yatuhusu nini? Wilaya yetu ya Kilosa haijasahau Desemba 2000, wakulima 38 walipouawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa mashamba na malisho. Ule haukuwa ugaidi wa mataifa. Lakini tufikiri: leo picha ya maiti kutoka nchi ya mbali ikiletwa usiku, na maneno kwamba hawa ni ndugu zetu, nani atayazuia mapanga na mikuki kabla ya alfajiri? Hakimu yuko mbali. Mwenye simu yuko karibu.

Basi, ndugu, picha ya mauaji ikitufikia, ikomee kwetu. Tukisikia mpango wa kumwaga damu, tusiufiche. Tumwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi. Wazazi, tuongee na vijana wetu juu ya wanayoyatazama. Wala tusimhesabie jirani Mwislamu dhambi ya gaidi asiyemjua.

Bwana alimwamuru Petro arudishe upanga mahali pake (Mathayo 26:52). Nasi tuizuie mikono yetu. Amani ya Kristo iwe nanyi. Amina.