Je, ni haki kucheka pembeni ya kitanda cha muzazi mugonjwa?

Kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi kwetu Kambove, na sijaona mutu akiliandika: wakati muzazi muzee amelazwa ku opitali, ni haki kucheka mbele yake? Sisemi kumucheka yeye. Nasema kucheka pamoja naye, kumutania, kutupa neno lile linafanya chumba kizima kipasuke kicheko, na huku serumu inaendelea kudondoka.

Wengi wanajibu hapana. Wa kwanza ni watu wa maombi. Kwao, mwenye imani anafunga, analia, anakemea ugonjwa. Mwenye kucheka amelegea. Wa pili ni ndugu wa ukoo, na hapo mambo yanakuwa magumu, juu kwao kicheko kinahesabiwa. Muzee akikufa, ku kilio hatakosekana mutu wa kusema: "Ule alikuwa anacheka-cheka kule opitali, alikuwa anajua nini?" Tunajua wote maneno kama haya yanaelekea wapi. Kuna wajane waliofukuzwa na masufuria yao mu mikono kwa neno dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo si ulizo la kupitisha wakati. Na mara nyingi tunasema "desturi inakataza" bila kuiuliza desturi yenyewe.

Mu desturi zetu, mutoto wa kuzaa anamuogopa baba yake. Haoni uchi wake, hamutupii maneno ya ovyo. Kwa mukwe ni zaidi: zamani muke wa mutoto hakuweza hata kumupa baba-mukwe mukono. Biblia nayo iko na habari ile, mu Mwanzo sura ya 9. Noa amelala uchi, Hamu anaona na kwenda kutangaza kwa ndugu zake. Shemu na Yafeti wanachukua nguo mu mabega na kutembea kinyumenyume ili wamufunike baba bila kumuangalia. Nimefundisha masomo mengi, lakini hili wanafunzi wanalielewa haraka kupita yote. Hakuna haja ya kuwaeleza sababu ya kinyumenyume.

Lakini nkambo na mujukuu ni mambo ingine kabisa. Mujukuu mwanaume anamuita nkambo mwanamuke "bibi yangu", ndiyo kusema muke wake. Basi nkambo mwanaume anakuwa mwenziye, wanagombania muke mumoja. Wanatukanana kutwa na hakuna mwenye kukasirika. Sasa muangalie vizuri: yule mwenye ruhusa ya kutania njo yule mwenye ruhusa ya kumuosha. Ulimi na mukono vilipewa mutu mumoja.

Ni vile pia kati ya koo. Wabemba, ambao wengine wao walikuja toka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kufanya kazi mu migodi ya Katanga, wanaita jambo hili bunungwe. Mama Audrey Richards, Mwingereza, aliandika juu yake mu 1937. Ukoo wa Chui, Bena Ngo, uko na bunungwe na ukoo wa Mbuzi, Bena Mbushi, juu chui anakula mbuzi. Siku ya kilio munungwe anaweza kufika na mizaha yake, wenyewe wanalia na yeye anachekesha, na hakuna wa kumufukuza, kwa sababu ni yeye pia anayeshika kazi ya maziko. Wandugu wa Tanzania wanaita utani, na watani wao nao wanaonekana ku matanga na mizaha na kazi pamoja.

Kwa hiyo, mimi naona desturi haikukataza kicheko mbele ya ugonjwa na kifo. Iliwapa watu fulani, na watu hao iliwapa pia kazi chafu. Mwenye kuleta mizaha na hajawahi kushika beseni, huyo ni Hamu.

Na leo kazi ya ugonjwa ni nyingi. Wakati wa Gécamines yenye nguvu, mufanyakazi na muke wake na watoto walitunzwa ku opitali ya kampuni. Kiisha ilikuja 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka mu mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi (mapenzi gani, kila familia inajua). Sasa ni sisi tunanunua dawa, tunaleta bukari, tunafua mashuka, tunalala chini ya kitanda juu ya mukeka.

Baba yangu alifanya miaka 27 chini ya udongo. Wakati alilazwa wiki tano, mimi nilikuwa wa kulipa fakture na kukimbia na ordonansi. Wa kumuogesha alikuwa mutoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19. Siku moja anamugeuza ili amusugue mugongo, anamwambia: "Nkambo, jikaze. Bibi yetu anangojea, ukikawia mimi nitamukamata." Muzee, sauti yake imebaki kama uzi, akajibu: "Mukamate. Lakini mahari ni mbuzi kumi, na wewe hauna hata kuku." Wagonjwa sita walicheka, hata ule wa kona ambaye tulizani hasikie tena. Mimi niligeukia dirisha na kucheka nikiwapa mugongo. Kwa mutoto wa kuzaa ilikuwa inatosha.

Muchungaji mumoja alikuta kicheko kile na hakufurahi. Akaanza kumueleza muzee kwamba asiogope bonde la giza. Baba akamwambia: "Pasta, mimi walinizika kila asubui miaka 27, na kila mangaribi Mungu alinipandisha. Uniombee, lakini giza usinifundishe." Muchungaji akanyamaza kidogo, kiisha akacheka naye pia, na maombi aliyofanya kiisha pale yalikuwa mafupi na mazuri.

Sioni kama imani ilipunguka siku ile. Sara alicheka aliposikia atazaa mu uzee, na Mungu hakumunyima mutoto. Mutoto akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Kile kinanitia woga ni kingine: ni ile minong'ono. Familia nzima imezunguka kitanda, wanaongea polepole juu ya fakture, juu ya nyumba, juu ya nani atapiga simu Lubumbashi, na muzee yuko katikati kama mizigo. Hakuna wa kumuuliza kitu. Mwenye kumutania anangojea jibu lake, na mwenye kungojewa jibu ni mutu bado.

Kuna mipaka, ndiyo. Usiku maumivu yakipanda, kijana alikaa kimya akashika miguu ya nkambo. Siku mugonjwa wa kitanda cha tatu alipokufa, hakuna aliyemwambia anyamaze, alijua peke yake. Na mambo ya urizi, mimi ningesema mutu asiyachezee mpaka mugonjwa mwenyewe aanze.

Inabaki shida moja: wajukuu wetu wengi wako mbali, Kolwezi, Lubumbashi, Afrika ya Kusini. Kutania kwa telefone kunawezekana, lakini telefone haiogeshe mutu. Mu kampu, mara nyingi ni mutoto wa jirani anayeingia na maji, anayemuita muzee nkambo. Je, yeye pia ana haki ya kumutania? Niliwauliza wazee wawili. Mumoja alikataa: bunkambo ni damu. Mwingine, mama wa zaidi ya miaka themanini, hakujibu mara moja. Aliniuliza kwanza nani alimuogesha muzee huyo, na nilipomwambia ni mutoto wa jirani, alishangaa nini kilichonileta kuuliza.