Maumivu Yasiyosema Kweli

Kaka yangu ni imamu, na kila akija kunijulia hali hunikumbusha kwamba hata mwiba ukimchoma muumini humfutia dhambi. Naliamini hilo. Lakini aliponikuta nimebandika miguuni vibandiko vya mashine ya umeme akauliza, "Dada, huoni unaukimbia mtihani wa Mola?" Swali hilo linastahili jibu.

Nina kisukari. Usiku nyayo zinawaka moto. Shuka ikigusa vidole tu, usingizi umekwisha. Asubuhi nikitazama, hakuna jeraha. Na nyayo hizo hizo ziliwahi kuingiwa na msumari, nikatoka nao sokoni hadi nyumbani bila kuhisi kitu. Sukari iliyokaa juu miaka mingi imeharibu mishipa ya fahamu: pasipo na jeraha inapiga kelele, penye jeraha inanyamaza.

Daktari Paul Brand, Mkristo aliyewatibu wagonjwa wa ukoma Vellore, India, alifundisha kuwa maumivu ni zawadi ya Mungu, maana aliwaona watu wakiharibikiwa na mikono na miguu kwa sababu tu hawakuhisi. Nakubaliana naye. Zawadi yenyewe ni lile onyo. Maumivu yangu hayaonyi chochote, basi kuyatuliza si kukataa ujumbe wa Mungu, kwa kuwa hayana ujumbe.

Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango: hisia za mguso zikipita kwa wingi, za maumivu huzuiliwa. Ndiyo maana mtoto akijigonga, mkono wa mama humpapasa kabla hata hajauliza kilichotokea. Mashine yangu hufuata njia hiyo, nami hupata nafuu ya saa chache. Iko tiba kubwa zaidi, ya nyaya nyembamba zinazowekwa karibu na uti wa mgongo, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2021 kwa maumivu haya. Katika utafiti wa watu 216, karibu wanane kati ya kila kumi waliowekewa walipungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi. Gharama yake mimi siiwezi.

Kaka, Nabii Ayubu ndiye tunayemtaja kwa subira. Naye alimlilia Mola kwa dhara lililompata, akaamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuogea na kunywa. Hakuambiwa kwamba kuomba kwake kumeharibu subira yake. Kutafuta tiba ni ibada, na subira bado naihitaji, kwani mashine yangu haitibu mishipa iliyoharibika wala hairudishi hisia zilizopotea.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wenye kisukari: tulizeni maumivu bila hofu ya dhambi, ila msitembee peku, na kila jioni kagueni nyayo kwa kioo, au mwiteni mtoto awatazamie.