Sufuria ya Wengi Nayo Iungwe

Maharage ya nyumbani kwetu huungwa. Ya msibani, ya shuleni na ya kambi za vijana mara nyingi hupakuliwa chukuchuku: maji, chumvi, basi. Tunajifariji kwamba la muhimu ni watu washibe. Mimi naona tunawapunja. Aliyefiwa ana ulimi, na mtoto anayekula maharage Jumatatu hadi Ijumaa ana ulimi pia.

Fungueni 2 Samweli 17. Daudi amemkimbia mwanawe Absalomu, amevuka Yordani na kufika Mahanaimu na watu waliochoka, wenye njaa na kiu. Wanaume watatu, Shobi, Makiri na Barzilai, wanamletea vyakula. Kuna ngano, shayiri, unga, kunde na dengu, na hivyo peke yake vingeshibisha. Lakini wameongeza asali, siagi, kondoo na jibini. Wakimbizi wa vita wakaletewa siagi!

Nendeni sasa sura ya 19. Barzilai ana miaka 80, naye anamwambia mfalme kwamba hawezi tena kuonja ladha ya anachokula wala anachokunywa. Hapo ndipo moyo wangu umekwama. Mzee ambaye kwake asali na maji vilikuwa sawasawa alihakikisha wengine wanapata asali.

Kuunga hakudai fedha nyingi. Kunadai subira na kufuata hatua. Loweka maharage usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka punje ipondeke kirahisi kati ya vidole. Magadi kidogo husaidia kulainisha, lakini yakizidi huacha ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1. Nyanya zisubiri. Uchachu wake huchelewesha maharage kuiva, na wapishi wengi wamelaumu kuni bure kwa sababu hiyo. Kitunguu kikaangwe pembeni, polepole, mpaka kiwe cha kahawia. Utamu wa mchuzi uko hapo kuliko katika kipakiti chochote cha viungo. Kifuate kitunguu saumu, kisha nyanya, ziive hadi mafuta yaelee juu. Ndipo umimine maharage, uponde upawa mmoja au miwili ili mchuzi uwe mzito. Mwenye nazi atangulize tui jepesi lichemke humo, na tui zito aliweke mwishoni kwa moto mdogo huku akikoroga, lisije likakatika. Asiye na nazi atie karanga za kusaga.

Najua sufuria ya watu mia haina nafasi ya madoido. Lakini kukaanga vitunguu vya watu mia kunawezekana, na mama zetu wanaopika kwenye harusi hufanya hivyo kila mara. Basi nawaomba kamati za chakula: bei ya gunia ikipanda, vitunguu na mafuta visiwe vya kwanza kufutwa kwenye orodha.

Daudi hakuyasahau ya Mahanaimu. Alimwalika Barzilai Yerusalemu. Mzee akashukuru, akaomba mtu wake aitwaye Kimhamu aende badala yake. Na siku za Daudi za kufa zilipokaribia, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 2, alimwagiza mwanawe Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai, wawe miongoni mwa wale wanaokula mezani pake.