Fahari ya Mzazi na Wema wa Mtoto

Liko swali ambalo wazazi wengi huona haya kumwuliza padri, wakidhani ni dogo mno. Mama akisikia kwamba mtoto wake ametenda wema, moyo wake ukajaa fahari, je, ana kosa? Maana katika mizizi saba ya dhambi, cha kwanza kuhesabiwa ni kiburi.

Msomaji na atwae mfano katika vijiji vilivyo kando ya barabara itokayo Kisangani kwenda Banalia. Msichana wa miaka minane arudi mtoni na ndoo kichwani. Apita mlangoni pa bibi kizee asiye na mtu wa kumtekea maji. Hasemi neno; amimina nusu ya maji yake katika mtungi wa bibi, kisha aenda zake. Mama yake apata habari kwa jirani, na siku hiyo hata kutwanga sombe hakumchoshi. Hapo hakuna kosa lolote. Mzazi asiyefurahia wema wa mtoto wake ni kama mkulima asiyefurahi kuona mpunga wake umezaa.

Lakini kesho yake ni siku ya soko. Mama asimulia jambo hilo kwa dada yake, kisha kwa wauza mihogo, kisha kwa yeyote mwenye masikio. Na kila asimuliapo, maji yazidi kuongezeka. Jioni, soko zima limejua kwamba bibi yule ameachwa na watu wake. Kwa kumsifu mtoto wake, mama amemvua bibi nguo mbele za watu. Na mtoto? Safari nyingine, kabla ya kumimina maji, atageuka kwanza aone kama yuko mtu njiani anayemtazama. Ingalitosha kumwambia nyumbani, kwa sauti ya chini: «Bibi amepata maji. Ni vema.» Sifa ya namna hiyo humwelekeza mtoto kwa bibi, haimrudishi kwake mwenyewe.

Hata hivyo kelele za sokoni ni jambo jepesi. Kipimo kizito ni gharama. Katika sura ya sita ya Injili ya Yohane yumo mvulana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Watu wapata elfu tano walishiba, lakini Injili haitaji jina la mvulana huyo, wala la mama yake, wala haisemi alipokewaje nyumbani jioni. Huenda alisifiwa, huenda aliulizwa mikate imekwenda wapi. Baba wengi humsifu mtoto abebaye mzigo wa mgeni, maana kazi hiyo haipunguzi kitu nyumbani. Baba yuyo huyo hupaza sauti mtoto akigawa shati lake la pili. Basi alichokipenda ni jina zuri la nyumba yake, wala si wema.

Katika nchi hii ya Kongo yuko Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Katika ujana wake alijishughulisha na watoto wa barabarani wa mji ule. Wema wa namna hiyo mzazi yeyote huutaja kwa fahari. Lakini moyo ule ule ulimfuata kazini, katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa ya watu waliotaka chakula kilichooza kipitishwe, kwa kuwa kingewadhuru walaji. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, naye ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa mwenyeheri.

Wazazi wasikiapo habari hizo, wengine huuliza kama si afadhali kumfundisha mtoto ajiangalie nafsi yake kwanza. Swali hilo lisichekwe. Dunia ni kali, na mtoto hakupatikana bure. Lakini moyo utoao nusu ndoo ya maji haugawanyiki, kwamba mzazi achague sehemu isiyo na hatari na kuacha nyingine. Mama aonaye mwanawe akimkatia mwenzake kwanga yake, naye akaingiwa na hofu kidogo kwa ajili ya siku zijazo, asimzuie mkono, huyo hana kiburi cha kuungama.