Pazia la Dakika 45

Ndege za Embraer 190 ambazo Kenya Airways huzitumia kati ya Nairobi na Mombasa zina viti 96. Kumi na viwili vya mbele ni vya daraja la biashara, vitatu kwa safu. Vinavyobaki, 84, ni vya daraja la kawaida, viwili huku na viwili kule, wala hakuna kiti cha katikati cha kumbana mtu. Baina ya sehemu hizo mbili huvutwa pazia. Ndege ikishaacha ardhi, safari huchukua kama dakika 45, na humo ndani zimo dakika za kupaa na za kutua, ambapo kila kiti lazima kisimame wima, meza ikunjwe na mkanda ufungwe. Muda ambao abiria wa mbele anaweza kulaza kiti chake na kukaa kwa raha haufiki nusu saa. Kati ya Dar es Salaam na Unguja muda huo karibu haupo kabisa: Dash 8 ya Air Tanzania, yenye viti 76 ambavyo sita ni vya daraja la biashara, hupaa, huvuka mkondo wa bahari na kuanza kushuka kabla mtu hajamaliza kurasa mbili za gazeti. Basi anayelipa zaidi kwa safari kama hizo ananunua nini? Na hicho anachonunua, ni kitu kinachofaa kuuzwa? Swali la pili ndilo linalonishughulisha, na kwa mtu wa dini si swali dogo hata kidogo.

Kiti kizuri kina mambo mawili ndani yake, na tumezoea kuyachanganya. Lipo linalotuliza mwili: nafasi ya magoti, upana wa kukaa bila kugombania pa kuweka kiwiko, mgongo unaoegemeka. Hayo ni mema kwa yeyote anayeyapata, na yangebaki mema hata kama abiria wote 96 wangeyapata. Lipo pia linalomtukuza mtu: kuitwa kwanza langoni, kukaa upande ule wa pazia, kutazamwa na wanaopita. Haya hayagawiki. Mpe kila mmoja heshima ya kuitwa kwanza, na hakuna aliyeitwa kwanza. Mwanauchumi Fred Hirsch aliandika kitabu kizima mwaka 1976 kuhusu mali za aina hii, zile ambazo thamani yake hutokana na wengine kuzikosa. Katika safari ndefu mambo hayo mawili husafiri pamoja na ni vigumu kuyatenga. Anayetoka Nairobi kwenda New York kwa saa kumi na tano ana mgongo unaouma kweli, na kitanda ni kitanda. Safari fupi ndiyo inayoyachekecha. Haja ya mwili hupungua mpaka ikaribie kwisha, na kinachobaki juu ya chekeche ni cheo kitupu.

Kwamba ni cheo kitupu, hata maumbile ya ndege yanatoa ushahidi. Tunasema "mbele" kana kwamba mbele ni bora kwa asili yake. Lakini katika ATR 72, ndege ambayo Precision Air imeitumia miaka mingi katika njia za ndani za Tanzania, abiria hupanda na kushuka kwa mlango wa nyuma, na sehemu ya mbele hupakiwa mizigo. Humo, aliyekaa safu ya mwisho ndiye wa kwanza kukanyaga lami. Na Jambojet huruka Nairobi hadi Mombasa kwa Dash 8 yenye viti 78 vya daraja moja tu, na abiria wake wanafika mji ule ule, magoti yao yakiwa salama. Ubora wa mbele, basi, tumeupanga sisi wenyewe, na lililopangwa na watu huulizwa sababu.

Dini zetu hazikunyamaza juu ya viti. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unawakemea waumini kwa kosa hili hili: tajiri aliyevaa pete ya dhahabu anaonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, na maskini anaambiwa asimame au akae chini. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anawatazama wageni wakichagua viti vya mbele karamuni, na anawashauri wakae nyuma ili mwenyeji mwenyewe awasogeze mbele akipenda. Katika Uislamu, safu ya kwanza msikitini ni ya aliyewahi, si ya aliyelipa. Waziri akichelewa hujipanga nyuma ya mchukuzi, bega kwa bega na aliyemkuta. Mafundisho ya Mtume yanamkataza mtu kumwinua mwenzake alipoketi ili akae yeye, na sura ya 58 ya Kurani inawataka waumini wapeane nafasi katika mabaraza. Mafundisho haya hayakatai heshima. Yanachokataa ni heshima inayojitwalia kiti. Na hapa pwani busara hiyo iliwekwa hata kwenye samani. Lamu na Unguja kilikuwepo kiti cha enzi, kile kirefu cha mbao nyeusi kilichopambwa kwa pembe na kusukwa kwa nyuzi, na mbele ya nyumba ilikuwepo baraza ya mawe ambapo yeyote apitaye angeweza kuketi. Wenye nyumba hizo walijua vyeo, tena sana, na zilikuwa jamii zenye mabwana na watumwa. Sitaki kuzipaka rangi nzuri kuliko zilivyokuwa. Lakini kiti kile kiliwekwa kwa ajili ya mgeni. Mwenyeji ndiye aliyekitoa, na heshima ilikwenda kwa mwingine. Kiti cha mbele cha ndege kimegeuza njia hiyo: mtu anajinunulia heshima mwenyewe, kisha wengine wanapitishwa hapo waione.

Hapo nitaambiwa kwamba ndege si msikiti wala kanisa. Ni soko, na sokoni kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Pingamizi hili lina uzito, ila lina tundu. Kwanza, makanisa yenyewe yaliwahi kuwa soko la viti. Uingereza na Marekani, kwa vizazi vingi, familia zilikodi viti vya kanisani, vya mbele kwa bei ya juu, na maskini waliachiwa nyuma au pembeni. Waliotetea desturi hiyo walisema maneno haya haya: ni hiari, inalipia gharama, hakuna anayefukuzwa. Karne ya 19 ikazuka harakati ya kutaka viti viwe huru, na leo hakuna mchungaji angethubutu kuirudisha kodi ile. Aibu ilikuja pale watu walipokiona kiti kama kilivyo. Pili, sisi wa Afrika Mashariki tunajua madaraja ya usafiri yanaweza kubeba nini. Katika reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mabehewa ya daraja la kwanza yakawa ya Wazungu, ya pili ya Wahindi, ya tatu ya Waafrika. Tiketi ya leo haiulizi rangi, na tofauti hiyo ni kubwa; anayesema mambo ni yale yale anawakosea waliobanwa katika daraja la tatu. Hata hivyo historia ile inatufundisha kwamba mpangilio wa viti ni lugha, na abiria huisoma hata pasipo tangazo.

Tena safari si duka kama maduka mengine. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na fikihi ya Kiislamu inalichukua jambo hilo kwa uzito kamili: miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka yumo msafiri aliyekwama njiani, hata kama kwao ana mali. Maana yake ni kwamba njia humvua mtu alichonacho. Angani, umbali wa mita elfu kadhaa kutoka ardhini, hali hiyo ni ya kila aliyemo. Na kanuni za usalama zinalijua hilo kuliko sisi. Ndege inapopaa na inapotua, pazia lazima livutwe pembeni na kubanwa huko, ili njia iwe wazi na wahudumu waone. Ndege kubwa haipewi cheti mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote waliomo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango tu, na katika hesabu hiyo hakuna daraja. Pazia hurudi pale tu ambapo hatari imepungua. Kitu ambacho ni lazima kiondolewe kila maisha yanapokuwa hatarini kingetosha kututia mashaka kama kina haki ya kuwepo dakika zinazofuata.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha: wa mbele wanalipia wa nyuma, ukiwaondoa nauli itapanda. Sitalipuuza, kwa sababu kama ni kweli basi anayetetea usawa anamwumiza maskini anayedai kumtetea. Lakini tuhesabu. Embraer 190 inaweza kuwekwa hadi viti 114 vya daraja moja, kwa kubanana. Viti vipana vya mbele vinakula nafasi ambayo ingeuzwa. Faida yake inategemea kama vinajaa, na katika njia fupi wengi wanaovikalia ni wa aina mbili. Wapo wanaoendelea na safari ya mbali, ambao tiketi yao ya kutoka Mombasa hadi Ulaya ni ya daraja moja mwanzo hadi mwisho. Hao sina ugomvi nao, kipande hiki kifupi ni mkia wa safari ndefu. Na wapo ambao fedha si zao, ni za ofisi. Ofisi ikiwa ya umma, basi wa nyuma, kwa kodi zake, ndiye anayemlipia wa mbele. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli wa Tanzania alipowazuia watumishi wa serikali kusafiri kwa madaraja ya juu isipokuwa viongozi wakuu wachache, wananchi walimwelewa mara moja. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba kiti ni suala la maadili.

Wengine watasema ni jambo dogo, na hakuna anayeumia. Mwaka 2016 watafiti Katherine DeCelles na Michael Norton walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za shirika moja kubwa la ndege: visa vya abiria wa daraja la kawaida kufanya fujo vilionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi katika ndege yenye daraja la juu kuliko katika ndege isiyo nalo. Wataalamu wa takwimu waliyahoji matokeo hayo mwaka huo huo, na visa vyenyewe ni haba mno, kwa hiyo siutundiki mzigo wa hoja yangu hapo. Hoja yangu haihitaji mtu akasirike. Mama anayepanda na mtoto mgongoni na begi mkononi, akipita pembeni mwa safu nne za viti vipana ambavyo waliokwisha kuketi wanatazama simu zao, hafanyi fujo. Anafunzwa tu mahali pake, taratibu, pamoja na mtoto wake. Udogo wa jambo ndio unaolifanya lipenye. Katika jambo kubwa tungeuliza sababu.

Limebaki shutuma la husuda, kwamba anayelalamikia kiti cha mbele anakitamani. Husuda ni dhambi ya kweli na kila mtu ajikague. Lakini husuda hutaka mwenzako akose, na ninachodai mimi hakimnyimi mtu goti lake. Uzeni nafasi ya miguu; mrefu wa futi sita na nusu anaihitaji, na bei yake ni halali. Uzeni kiti cha dirishani kwa anayetaka kuiona Kilimanjaro. Msichokuwa na haki ya kukiuza ni kule kutengwa kwa wengine, kwa kuwa hicho hamkukitengeneza ninyi. Mmekitoa kwao bila kuwauliza. Na safu za mbele, zilizo karibu na mlango, zina wenyewe: mzee ambaye magoti hayamtii, mjamzito, anayeletwa kwa kiti cha magurudumu na kuhamishiwa katika kile chembamba kinachopita kati ya viti. Kila hatua aliyopunguziwa huyo ni haja ya mwili, na ndiyo sababu pekee ya kumweka mtu mbele katika safari ya dakika 45.

Kwa hiyo ombi langu kwa mashirika yanayoruka njia hizi fupi ni moja na halina gharama kubwa: liondoeni pazia, na wapeni safu ya kwanza wale wasioweza kutembea hadi ya ishirini. Na kwako msomaji unayemudu kiti cha mbele, siku ukikikalia na ukamwona mtu wa namna hiyo akikupita kuelekea nyuma, inuka umpishe.