Jino Chini ya Mto

Huko Marekani mtoto aking'oka jino la utoto hulilaza chini ya mto. Anaambiwa usiku atakuja malaika wa meno, alichukue na kumwachia pesa. Malaika mwenyewe, bila shaka, ni mama anayenyata gizani, mkono chini ya mto, pumzi kaibana.

Sasa aache ngapi? Kampuni ya bima ya meno ya Delta Dental huwauliza wazazi. Mwaka 1998 wastani ulikuwa dola 1.30 kwa jino. 2023 ukafika dola 6.23, mwaka uliofuata ukashuka hadi 5.84. Na meno ya utoto ni 20. Piga hesabu: zaidi ya dola 116 kutoka kinywa kimoja!

Mimi jino langu la kwanza nililirusha juu ya bati la nyumba. Likagonga ko! likabingirika hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua. Malipo yangu? Kuitwa kibogoyo wiki nzima.

Kwa ndugu yetu yeyote anayelea mtoto huko Minneapolis, Marekani, ningesema dola moja, tena ya sarafu, mtoto aisikie ikilia sakafuni. Jino lenyewe lirushwe paani. Ila kukiwa na theluji, hiyo ko! hataisikia.